Mwali wa Unguja na Baridi ya Moshi



Mimi ni fundi wa nguo za kike. Nimesoma hadi kidato cha nne, nikachukua kozi ya ushonaji, na huu ni mwaka wa kumi na mbili nina kibanda changu hapa Pasua, Moshi, chenye cherehani tatu na wasichana wawili wanaonisaidia. Wengi wenu mnaijua Moshi kwa picha ya mlima. Sisi tunaokaa chini yake, ikifika mwezi wa sita na wa saba tunaweza kumaliza wiki nzima hatujauona. Umejifunika mawingu, na sisi huku chini tumejifunika kila kilichomo kabatini.

Nataka kuzungumza na mabibi harusi, hasa nyinyi wa visiwani mnaoolewa huku bara kwenye baridi, kuhusu nguo za kubeba. Lakini siwezi kuanza na ushauri, maana ushauri wenyewe niliupata baada ya kuharibu. Acha nianze na nilivyoharibu.

Mwaka 2022, Mfungo pili, kijana mmoja wa mtaani kwetu alioa Unguja. Mwali akaja na masanduku mawili. Mama mkwe wake alinionyesha baadaye: madera kumi na nne, doti za kanga, mabaibui ya kung'aa yenye mawe, magauni ya satini ya chumbani. Nguo nzuri, zimefukizwa udi, ukifungua sanduku chumba kizima kinanukia. Somo yake alikuwa amemfunda ya chumbani, ya jikoni na ya kukaa na wakwe. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba Pasua mwezi wa saba, alfajiri, maji ya kutawadhia yanauma vidole.

Najua kuna watakaocheka. Alfajiri huku huwa nyuzi 15 hivi, na kwa Mzungu hiyo ni hali ya kukaa barazani na fulana. Lakini mtu aliyezaliwa na kukulia Unguja, ambako hata kusi ikivuma usiku bado unalala na kanga moja, nyuzi 15 zinamwingia kwenye mifupa.

Wiki ya pili mwali akawa hatoki chumbani. Anasali, anarudi chini ya blanketi. Ufagio wa asubuhi haushiki, sokoni haendi. Mama mkwe akaanza kunung'unika: mwali anajisikia, mwali mvivu, watoto wa pwani wamezoea kuletewa. Mwali naye akipiga simu kwao analia, na mama yake akamwambia kama huko hakukaliki basi arudi nyumbani. Ndoa ilikuwa haijatimiza siku ishirini.

Mume ndiye aliyegundua. Alirudi kazini siku moja akamkuta amevaa madera matatu kwa mpigo, na juu yake koti lake yeye mume, anatetemeka. Kesho yake mama mkwe akamleta kwangu. "Fundi, mshonee huyu kitu kizito."

Nami nikashona kizito. Nilichukua kitambaa cha makoti, polista nzito, nikakitia bitana ya polista, shingo ya kupanda, mikono ya kubana, zipu kuanzia kidevuni hadi magotini. Shilingi 85,000. Nilijisifu moyoni kwamba hapo baridi haina pa kupita. Kweli haikuwa na pa kupita, ila na jasho nalo halikuwa na pa kutokea.

Idi kubwa mwaka ule iliangukia mwezi wa saba. Mwali akaenda kuswali swala ya Idi na juba lake, kapendeza, watu wakamsifu. Kutoka hapo ni jikoni, nyuma ya nyumba, masufuria mawili ya pilau kwenye kuni na wageni wanaingia. Mchana jua likatoka. Ndivyo Moshi ilivyo, asubuhi unatetemeka, saa nane unatafuta kivuli, jioni upepo unashuka kutoka mlimani. Chini ya juba alikuwa na shimizi tu, kwa sababu juba lenyewe lilikuwa zito. Kulivua mbele ya mashemeji hawezi. Akapika ndani ya juba, akaandaa ndani ya juba, jasho likaloa bitana yote. Jioni upepo uliposhuka alikuwa amevaa kitambaa kibichi.

Usiku kifua kikambana. Kumbe ana pumu tangu utotoni na aliona haya kuwaambia wakwe. Walimkimbiza hospitali, akalala huko usiku mmoja, alhamdulillah akarudi. Mama mkwe alikuja kibandani na lile juba ndani ya mfuko. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alilitoa akaligeuza ndani nje akaniambia, "Shika hapa." Siku mbili zilikuwa zimepita na bitana ya makwapani ilikuwa bado na unyevu.

Nilimrudishia pesa yake. Lakini kwa siku kadhaa kila nilipokaa kwenye cherehani mkono ulikuwa mzito. Mimi ni fundi, watu wananiletea miili yao niipime, na nilikuwa nimemshonea mtu ugonjwa.

Kabla mwezi haujaisha akaja msichana wa Kinorwe, mwanafunzi wa udaktari, mmoja wa wale wanaokuja kujifunza KCMC. Alitaka kupanda mlima na blauzi yake ya ndani ilikuwa imepasuka kiwiko. Nilipoishika nikashangaa. Nyembamba, laini, kama shimizi. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga na Kiswahili chake cha miezi miwili nikamuuliza, hiki kitakusaidia nini huko juu kwenye theluji?

Akanionyesha vitu vitatu kwenye begi lake. Hicho cha ndani cha sufu, kinachogusa mwili na kunyonya jasho. Sweta la katikati. Na koti la juu lisilo na uzito wowote, kama kitambaa cha mwavuli, kazi yake kuzuia upepo tu. Akasema joto halimo ndani ya nguo. Joto ni lako mwenyewe, na linakaa kwenye hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Kwao Norwe wana msemo kwamba hali mbaya ya hewa haipo, kuna nguo mbaya tu. Hapo nikacheka, kwa sababu kama kuna aliyeshona nguo mbaya mwaka ule ni mimi. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: ukipanda, vua kabla hujatoka jasho. Kuvua mapema ndiko kunakokupa joto baadaye.

Mwali wangu hakuwa na cha kuvua. Nilikuwa nimempa nguo moja ya kuvaa au kutovaa, basi.

Nilipomsimulia shemeji yangu, ambaye ni mpagazi mlimani, alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanalowesha. Wapagazi wote wanalijua hilo. Na nilipotulia nikakumbuka kwamba hata mimi nililijua. Bibi yangu mzaa mama, Ugweno kule milima ya Upare, alikuwa akiamka na gauni, juu kanga, juu sweta, juu kitenge, na kilemba kichwani. Jua likipanda anavua kimoja, anajifunga kiunoni. Akifika katikati ya shamba amebaki na gauni na kanga. Jioni anavirudisha kimoja kimoja akipanda mlima kurudi nyumbani. Sisi wajukuu tulikuwa tukimwita kabichi nyuma ya mgongo wake. Alifika uzeeni sijawahi kumsikia akilalamikia baridi.

Basi nikaenda soko la Memorial, kwenye mitumba. Hapo ndipo mtindo wa Skandinavia uliponikolea, na kwa wanaotaka kuufuata nasema msinunue vipya, nendeni mitumbani na mjue kusoma lebo. Nguo za Norwe, Uswidi na Denmark zinafika huku nyingi. Ukiona kwenye lebo neno *ull*, hiyo ni sufu, kwa Kinorwe na Kiswidi. Wadenmark wanaandika *uld*. Ukiona *bomull* au *bomuld*, hiyo ni pamba. Wauzaji wengi hawayajui maneno haya, kwa hiyo sweta la sufu tupu unaliuziwa bei moja na la polista. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye upindo uuwashe kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Pamba inanuka karatasi. Polista inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Muombe muuzaji kwanza, mmoja aliwahi kunifukuza na kiberiti changu.

(Na nikisema sufu nasema manyoya ya kondoo, si ile sufi ya kujazia mito. Kuna dada aliniuliza.)

Siku ile nilipata sweta kubwa la kiume, jeusi na jeupe, lenye nyota za petali nane kifuani. Yule msichana wa Kinorwe alipolikuta kibandani alipiga kelele ya furaha. Nyota ile ni ya Selbu, sehemu ya kwao inayojulikana kwa kufuma glovu za mchoro huo. Mimi nilikuwa nimeipenda kwa sababu inafanana na nyota za pembe nane tunazoziona kwenye mapambo ya misikiti. Nilinunua shilingi 5,000, kiwiko kimoja kimeliwa na nondo.

Nikalifua sweta lile kwa maji ya moto na sabuni, nikalisugua. Sufu ukiifanyia hivyo inajikunja, inasinyaa, nyuzi zinashikana mpaka inakuwa nene na unaweza kuikata kwa mkasi bila kufumuka. Kwa mwenye sweta analolipenda hiyo ni balaa, kwa fundi ni kitambaa kipya. Nikakata kizibao kisicho na mikono, cha kufika nyongani, chenye vifungo mbele.

Nikamshonea mwali upya, bila pesa. Ndani nilimpa fulana ya pamba ya mikono mirefu. Mlimani watakwambia usivae pamba kwa sababu ikiloa haikauki, na ni kweli, lakini Pasua si kileleni. Mchana wetu una joto, na jambo la muhimu nilimpa fulana mbili ili akitoka jasho jikoni abadilishe. Chini shimizi na taiti. Kati gauni la krepu la kawaida, na juu yake kile kizibao. Kizibao kinakinga kifua na mgongo, na makwapa yanabaki na nafasi. Nje ya yote koti refu la wazi hadi vifundoni, kitambaa kilichosokotwa karibukaribu, bila bitana. Nililiongeza inchi mbili kila upande na kuweka kikwapa kama cha kanzu ya kiume, ili kizibao kisibane anapoinua mikono.

Mikono ilinipa kazi kuliko vyote. Mwanamke anayetawadha mara tano kwa siku hawezi kuvaa mikono mitatu ya kubana. Kwa hiyo wa ndani una lastiki pana, unausukuma juu ya kiwiko kwa mpigo mmoja na unakaa. Kizibao hakina mkono. Wa nje ni mpana, unajikunja wenyewe. Mwali alijaribu mbele yangu kwenye beseni na saa mkononi, tukicheka wote wawili.

Shingoni upepo ndiko unakoingia, na hapo sisi tunawashinda Waskandinavia. Hijabu ya jezi ndani, mtandio juu. Unatengua mmoja ukiona joto na bado umesitirika. Hilo ndilo lililokuwa tatizo la juba langu: mwanamke mwenye kujisitiri hawezi kuvua nguo yake ya pekee mbele za watu. Lazima kila anachovua kiwe na kingine chini yake kinachotosha kumsitiri. Akivua koti, gauni na kizibao vinasitiri. Akivua kizibao, gauni lenyewe si la kubana. Katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu ametaja joto tunalolipata kwa wanyama, aya ya 5, na katika sura hiyohiyo aya ya 81 akataja mavazi yanayotukinga na hari. Mimi si mwanazuoni, ni fundi, lakini kuona yote mawili katika sura moja kunanifurahisha.

Mwali alitoka nje. Siku ya tatu nilimwona anafagia uwanja saa kumi na mbili asubuhi, koti juu, na saa tano anapita kwenda sokoni, koti kalikunja kwenye kikapu. Mama mkwe hakusema kitu, ila alikuja kunung'unikia bei ya kizibao chake yeye.

Kuna mambo ya Skandinavia sikuyachukua. Wanapenda rangi za majivu, mchanga na mawingu, ili kila nguo iingiane na nyingine. Akili ni nzuri: ukiwa na nguo saba zinazoingiana umeshinda mwenye ishirini zisizosalimiana. Lakini siwezi kumtoa bibi harusi kama gunia la simenti. Kwa hiyo natuliza koti na gauni, halafu kanga inasema. Doti moja nyekundu begani juu ya koti la kijivu, nani atakupita bila kugeuka? Na kanga yenyewe ni tabaka la nne, utaifunga kiunoni, utamfunikia mtoto, utaswalia.

Sitawadanganya kuhusu biashara. Zamani bibi harusi mmoja alikuwa ananiagiza majuba sita, kila moja la hafla yake. Nilipoanza kuwaambia wateja washone machache yanayoingiana, msimu wa kwanza nilishona pungufu na kodi ya kibanda nikailipa kwa kuchelewa. Dada yangu aliniambia nimeanza kufukuza riziki kwa mdomo. Waliookoa mambo ni wauguzi wa zamu ya usiku na walimu wanaopanda Kibosho alfajiri. Hao walitumana. Sasa vizibao vya sufu siwezi kuvimaliza kuanzia mwezi wa tano.

Nyinyi mnaojiandaa kwa harusi, sisemi msishone madera. Shoneni, na mng'ae siku yenu. Ila mume na wazazi wanapopanga sanduku, ulizeni mapema swali moja: huko ninakokwenda, alfajiri kukoje? Na mwenye pumu aseme, asione haya. Kama ni Moshi, Lushoto, Mbeya au Njombe, punguzeni madera matano na hiyo pesa ipate fulana mbili za pamba, kizibao, koti la upepo na soksi nzito. Hata anayebaki Unguja, akipanda boti kwenda Dar wakati wa kusi au akiajiriwa ofisi yenye kiyoyozi, kizibao kitamfaa. Na kuna mnaofuata waume Uingereza na Ujerumani. Mwali wa Unguja kuhamia kwenye baridi si jambo la juzi: Bibi Salme binti Said aliolewa na kupelekwa Hamburg mwaka 1867. Mengine ya maisha yake tumwachie Mola wake, lakini mimi kama fundi huwa najiuliza alishuka na nini begani.

Mwali wetu sasa ana mtoto. Alijifungua mwezi huu, na mama yake anapanda basi kuja kukaa naye hadi arobaini, ambayo itaangukia katikati ya mwezi wa saba. Juzi alinitumia vipimo vya mama yake kwa simu, kifua, nyonga, urefu wa mkono. Chini yake mama mwenyewe ameongeza ujumbe wa sauti: hajawahi kuvaa sweta maishani mwake, ana miaka hamsini na nane, na je, lile la nyota bado lipo? Nimemjibu la nyota amevaa binti yake, lakini Jumamosi naenda Memorial.